Dawa ya Kukumbuka

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nyumbani wanajua, na wamenitania kwa hilo tangu nikiwa mtoto. Sipendi kunywa kwenye kikombe cha mwenzangu, sili sombe, yale majani ya muhogo, iliyotwangwa na mikono nisiyoijua, na mtu akitema mate njiani nageuza uso kama nimetemewa mimi. Nafundisha shule ya msingi hapa Kasongo, na wanafunzi wangu wanajua kwamba kamasi inaweza kuwatoa nje ya darasa upesi kuliko kelele. Kwa hiyo msomaji asishangae nikimsimulia habari za mama yangu kwa mdomo uliokunjwa. Ndivyo nilivyoziona, na mpaka leo zimenikaa kooni.

Mama anaishi upande wa Wamaza, katika kiwanja alichoachiwa na marehemu baba. Anaishi na mdogo wake baba, ninayemwita baba mdogo, pamoja na mke wa huyo baba mdogo na watoto na wajukuu wao wasiokwisha. Kila likizo kubwa nilikuwa napanda pikipiki kwenda kumwona. Likizo moja alinipokea kwa heshima sana, akanipa kiti, akaniuliza habari za njia na madaraja. Kisha akaniuliza nimetumwa na nani. Nilicheka, nikidhani ananichokoza. Hakuwa ananichokoza.

Kwetu, watu wakishakula jioni, watoto hutajishwa ukoo. Mtoto anaulizwa baba yako ni nani, na baba yake, na baba ya huyo, mpaka akwame, na mzee amsukume mbele kwa jina alilolisahau. Mama ndiye aliyekuwa akisukuma. Ukoo wa baba aliujua kuliko wenyewe waliozaliwa ndani yake. Jioni ile nikaona mchezo umegeuzwa. Muulizaji alikuwa baba mdogo, amekaa anachokonoa meno kwa kijiti, na anayeulizwa alikuwa mama.

"Shemeji, bwana yako iko wapi?"

"Alienda kutega," mama akajibu.

Watoto wakaangua kicheko. Baba alikufa miaka mingi iliyopita, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba ile ile.

"Akirudi utamupikia nini?"

"Ile nyama ataleta."

Wakacheka tena, na mama akacheka nao. Alikuwa anapitisha macho usoni kwa mmoja mmoja, kuona kama naye amecheka vya kutosha. Macho yale ndiyo yaliyonichafua roho. Baba mdogo akatoa kijiti mdomoni, akakiangalia kilichokuja nacho, akakirudisha. Nikageuza uso.

"Baba mudogo, mama iko mugonjwa," nikasema.

"Hapana mugonjwa. Ni uzee. Amerudi mutoto. Mutoto si anachekesha?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya mvua. Nikamtazama mama vizuri. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho. Ngozi ya mikono ilikuwa imekauka na kupauka. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba tangu mchana wa jua kali, na sauti yake, iliyokuwa ikiita watu kutoka shamba la ng'ambo, ilitoka nzito na polepole, kila neno likija peke yake. Shingoni alikuwa na uvimbe, ile rovu ambayo wanawake wengi wa upande ule wanayo. Kwa kuwa wengi wanayo, hakuna aliyeihesabu kuwa ni ugonjwa.

Niliwaambia namchukua Kasongo. Baba mdogo aliuliza nani atajibu akifia njiani. Nikamjibu kwamba akibaki hapa atafia katikati ya kicheko, na mimi ndiye nitakayejibu. Tulipanda pikipiki watatu, dereva mbele, mama katikati nimemfunga kwangu kwa kitenge, na matope mpaka magotini. Kwenye kila kijito aliniuliza kama tunaenda kumpokea baba. Mara ya kwanza nilisema hapana. Baadaye nilisema ndiyo, maana barabara yenyewe ilikuwa inatosha kunichosha.

Daktari wa hospitali aliyempokea alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshika shingo, akampapasa ngozi, akauliza kuhusu baridi, kuhusu usingizi, kuhusu choo. Nilijibu mimi, nikiwa nimekaza midomo. Kisha akasema anataka damu. Damu ile ilivutwa mkononi, ikawekwa kwenye barafu, ikasafirishwa kwa ndege ndogo mpaka mji wenye mashine ya kupima homoni, nasi tukangoja. Jibu liliporudi alinieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza watoto hesabu ya kugawanya.

Kuna tezi shingoni, alisema, kazi yake ni kutia katika damu kitu kinachowasha mwili mzima, moyo, tumbo, hata akili. Kichwani kuna sehemu inayoiamuru tezi hiyo. Tezi ikichoka, kichwa kinaongeza amri. Katika damu ya mama amri ilikuwa imepanda juu sana na homoni yenyewe ilikuwa chini sana. Kichwa kinapiga kelele, tezi haisikii. Mtu wa namna hiyo anakuwa mzito, anahisi baridi, anavimba uso, na anasahau.

Nikamuuliza kama basi akitibiwa atakumbuka. Hapo ndipo nilipomheshimu, kwa sababu hakuniahidi kitu. Alisema kusahau kwa wazee kuna njia nyingi za kuingilia. Homoni isipokaa sawa, hatari ya kusahau huonekana kuongezeka kwa baadhi ya watu, lakini hakuna anayeweza kuapa kila mara kwamba moja ndiyo iliyozaa nyingine. Huenda chini ya ugonjwa huu kuna mwingine usio na dawa. Ila huu una dawa. Kidonge kidogo cheupe, kila asubuhi kabla ya kula, kwa maji, bila kuruka na bila kuzidisha, maana moyo wa mzee haupendi kuharakishwa. Baada ya miezi michache tutapima damu tena.

Mama hakutaka kukaa Kasongo. Alilia kila jioni akitaka kwake, na baba mdogo akatuma dereva wa pikipiki na maneno kwamba mke wa kaka yake halelewi kwenye nyumba ya kupanga. Alirudi, na vidonge vyake kwenye kopo kubwa la vidonge elfu moja, maana dawa ile haipatikani kila siku. Nilimwelekeza mke wa baba mdogo kwa ukamilifu. Nilimwambia ni dawa ya kumsaidia mama kukumbuka. Alirudia maneno yangu yote vizuri sana, hata nikamsifu.

Miezi ikapita. Nilienda kumchukua mama aje Kasongo kupimwa, nikamkuta vile vile, koti lile lile, na sasa ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Damu ikavutwa, mama akarudishwa nyumbani, na jibu lilipofika daktari aliniita. Alisoma karatasi, akaiweka chini.

"Madamu, mama anameza?"

"Anameza, dokta. Niliacha watu wanamuangalia."

"Hii damu haijaona dawa."

Nilikasirika. Ilikuwa kama ameniambia kwetu ni watu wachafu. Nikapanda pikipiki bila kumwarifu mtu, nikalala njiani kwa mwalimu mwenzangu, na asubuhi mapema nikaingia kiwanjani kwetu kwa miguu.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, kopo la dawa mapajani. Watu walikuwa wamechuchumaa kumzunguka, wakubwa na wadogo, kama wanaongoja uji. Alilowesha kidole kwa ulimi, akakitia ndani ya kopo, kidonge kikanasa kwenye ncha, akakiweka kwenye ulimi wa mtoto aliyekuwa amefumba macho na kufungua mdomo, kama mtu anayepokea komunyo. Kisha akalamba kidole kile kile, akatia tena, akampa mwingine. Mwanamke jirani mwenye mtoto mgongoni alipewa kilichokatwa kwa kucha, nusu yake na nusu ya mtoto. Vijana wawili waliokuwa wanangojea mtihani wa serikali walipewa kizima kizima. Baba mdogo, kama mkubwa wa kiwanja, alikuwa amepewa vyake kabla ya wote na alikuwa anasafisha mdomo kwa maji, akitema kando ya mkeka.

Mama alipomaliza alifunga kopo, akajifuta kidole kwenye kitenge, akakaa ameridhika. Yeye hakumeza kitu.

Sijawahi kuwaonea watu kinyaa namna ile. Ile midomo wazi, yale mate, kile kidole. Na nisifiche, nilimwonea kinyaa hata mama mwenyewe. Damu yake ilisafiri angani kwenye barafu, mimi nilinyang'anywa usingizi, na yeye anagawa akili yake kwa kucha, asubuhi baada ya asubuhi, na uso wa furaha.

"Hii nini?" nikamuuliza baba mdogo.

"Ni dawa ya kukumbuka. Si wewe ulisema?"

"Ya mama. Ilikuwa ya mama."

"Mama, mutoto wangu, kitu kinatoka Kasongo kinaingia mu kiwanja, muke wa kaka mukubwa anakigawa. Nyama anagawa. Chumvi anagawa. Hii naye anagawa, hatukumulazimisha. Hawa watoto iko na ezame ya serikali. Wewe mwalimu, utakataza watoto akili?"

"Na wewe iko na ezame gani?"

Hakuona haya hata kidogo. "Mimi imenisaidia sana. Kichwa imefunguka. Nakumbuka mpaka vitu vya utoto. Na roho inakimbia kama ya kijana."

Nikamtazama. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, naye alikuwa na jasho kwenye paji la uso, na kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi. Nilimweleza kwamba dawa ile si ya kila mtu, kwamba mwenye tezi nzima akiimeza anauendesha moyo wake mpaka siku moja usimame. Alimwaga maji yaliyobaki kwenye kikombe. Kisha akauliza kama kwa huo moyo nao hospitali ya Kasongo inatoa kinini. Ndivyo wanavyoita kidonge chochote, kinini, kiwe cha malaria kiwe cha tezi.

Mke wake alikuja mbio kutoka jikoni akijifuta mikono. Aliniambia kila asubuhi alimkabidhi mama kopo kabla ya kula, na maji, kama nilivyoagiza. Ilikuwa kweli. Alichofanya mama na kopo baada ya kukabidhiwa hakikuwa katika maagizo, na mwanamke aliyeolewa pale hawezi kumpangia mke wa kaka mkubwa jinsi ya kugawa.

Sikuomba ruhusa. Nilikusanya nguo za mama na kopo la dawa, nikamshika mkono, tukaondoka kwenda kutafuta pikipiki njiani. Hakuna aliyetuzuia. Wale vijana wa mtihani walitusindikiza mpaka njiani, mmoja akaniuliza kwa adabu kama nitawaletea nyingine kabla ya siku ya mtihani.

Kasongo nilimpa dawa mwenyewe. Nilimwekea kidonge mdomoni, nikampa maji, nikamfungua mdomo na kuinua ulimi wake kwa kijiko, mimi nisiyeweza kutazama mdomo wa mtu mwingine akila. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, na kila asubuhi nilifanya kazi ile nikiwa na hasira. Kisha tumbo likaanza kufanya kazi, jambo nililolijua kwa karibu kuliko nilivyopenda. Kisha siku moja adhuhuri akavua koti. Uso ukapungua. Sauti ikapanda. Nilimsikia anamkaripia muuza ndizi mlangoni kwamba mkungu wake ni wa jana, na nikasimama kumsikiliza mpaka mwisho.

Si vyote vilivyorudi. Jina la mjukuu mdogo linampotea mpaka leo, na cha jana jioni anaweza kukisahau asubuhi. Daktari hakuwa amenidanganya. Lakini damu ilipopimwa tena ile amri ya kichwa ilikuwa imeshuka, na homoni ilikuwa karibu na mahali pake. Alitabasamu, jambo ambalo sikujua analiweza. Akarudia kwamba hii ni dawa ya maisha yote. Akiacha, atarudi alikokuwa.

Siku ile ile mama alikuwa anachambua majani ya sombe uani. Nilikuwa nafua. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Baba yako alikufa."

"Ndiyo, mama."

"Na wao walikuwa wananiuliza kila siku."

Niliacha kufua. Nilitaka kumwambia pole, lakini mdomo wangu ukatoa kile kilichonikaa siku zote, na kilitoka kwa ukali.

"Mama, ile dawa kwa nini uliwapa watu? Ilikuwa yako. Ungemeza tu."

Aliweka jani chini. Alinitazama kwa macho yake yale ya zamani, yaliyokuwa yakimnyamazisha mtoto bila kumgusa.

"Mwanamuke muzee," akasema, "hana bwana. Anasahau. Anasema na watu hawako. Watu wamesha anza kumuangalia. Halafu kila asubuhi anatoa kitu mu kopo, kitu wengine hawajue, anakula peke yake. Huyo wanamuita nani?"

Kwetu anayekula peke yake ana jina moja tu.

"Mulozi, muchawi," mama akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anataja aina ya jani. "Unamukumbuka yule mama wa ng'ambo ya muto?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mjane, alikuwa anasahau, na alikuwa anajipikia peke yake. Vijana walimtoa nyumbani mchana, watu wakiwa wanatazama, na kiwanja chake sasa kimepandwa muhogo. Hakuna aliyeuliza alielekea wapi.

"Mimi nilisahau vitu vingi," mama akasema. "Hiyo sikusahau."

Akaendelea kuchambua. Mimi nilibaki nimesimama na nguo inayochuruzika maji. Kile kidole nilichokiona kwenye mkeka, wale waliofumbua midomo, ule uso wa furaha, nilikuwa nimevielewa kinyume. Katika kiwanja kile mwenye akili timamu alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa anachekwa. Kinyaa changu hakikuondoka. Kiliondoka kwa mama tu, kikawarudia wengine wote, na kilikuwa kizito zaidi.

"Basi hutarudi kule," nikasema. "Utakaa hapa."

"Nitarudi. Bwana yangu iko kule, na nyumba yangu iko kule. Siwezi kufia mu nyumba ya kupanga."

"Na dawa?"

Alikuwa ameshaifikiria. Alisema ninunue vidonge vingine, vya kitu kisicho na madhara, vitamini au nini, ila viwe vyeupe na vidogo kama hivi, watu wasione tofauti. Vile atavitia kwenye kopo, atavigawa kwenye mkeka kila asubuhi, mkubwa kwanza, na wote wataona kwamba hali kitu peke yake. Vya kwake atavifunga kwenye pindo la kitenge.

"Na utavimeza saa gani? Kule hakuna mahali mutu anakaa peke yake. Hata shambani wanakufuata."

"Iko mahali moja," akasema. "Chooni."

Nakijua choo kile. Ni shimo na magogo mawili, na ukuta wa nyasi ulioinama. Mainzi wake ni wa kijani, na mimi tangu niondoke kwetu nimekuwa nikijizuia siku nzima kuliko kuingia mle. Nilimwona mama amesimama juu ya magogo yale, kila siku ya maisha yake iliyobaki, anafungua pindo.

"Na maji?" nikamuuliza. "Dawa hii inataka maji. Utatoa wapi maji mule ndani, watu wasiulize?"

Mama alinitazama kwa subira, kama mtu anayemngoja mtoto mzito wa kuelewa.

"Kila mutu anaingia na maji yake mu kopo," akasema. "Ya kujisafisha."

Nikafuta mikono, nikaenda kununua vitamini.